Tarehe ya Mashine

Bibi muuza vitumbua wa mtaa wa pili alifariki alfajiri. Ilipofika saa tatu asubuhi mjukuu wake alikuwa amesimama barazani kwetu, kofia mkononi. Alimwamkia Baba kwanza. "Shikamoo babu." Baba akaitikia marahaba kwa sauti yake ileile ya ofisini, kisha akamuuliza kama mishahara imeshatoka. Kijana akanitazama.

"Kaka," akaniambia kwa sauti ya chini, "chama kimekataa."

Chama ni cha kuzikana. Kilianza mwaka 1991, watu thelathini na kitu wa mitaa yetu hapa Tanga, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja akitoa mchango wa mwezi ili siku yake ikifika asizikwe kwa kopo la kuomba barabarani. Katiba yao ilikuwa na kifungu kimoja cha huruma: mwanachama aliyechangia miaka 15 na kufikisha umri wa miaka 70 halipi tena, lakini chama kitamzika. Watu walikiita kifungu hicho "kumaliza". Bibi yule alikuwa amemaliza. Aliwaambia wajukuu zake hivyo kila walipozungumzia kifo, kama mtu anayesema nyumba yake haina deni.

Kamati ilifungua orodha yao kwenye Excel ikaona jambo jingine. Mchango wake wa kwanza: 1991. Wa mwisho: 31/12/99. Miaka minane. Hakumaliza, alikuwa mwanachama mfu kwa zaidi ya miaka 20. Mwenyekiti alisikitika, hakuwa mtu mbaya, lakini alisema kompyuta ndivyo inavyosema na yeye hawezi kutoa fedha ya watu kwa maneno. Maziko yalikuwa baada ya sala ya Alasiri.

Kijana alikuja kwetu kwa sababu Baba ndiye aliyekuwa mhazini wa chama mpaka mwaka 2010. Hakujua kwamba mhazini mwenyewe hakuwepo tena, ingawa alikuwa ameketi palepale na kikombe cha chai.

*

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi yangu, ukiondoa kubadilisha vioo na betri, ni kuwaambia watu habari mbaya kuhusu vitu walivyovizoea. Programu yako haiwezi kuingia kwenye mashine hii mpya. Printa yako haitambuliki tena. Kwa miaka mingi niliyasema hayo bila kuumia, tena kwa dharau kidogo. Mtu aliyenijia na programu ya mwaka 1995 akitaka ifanye kazi kwenye Windows 10 nilimwona kama anayetaka kumpandisha punda kwenye daladala. Methali ya "usiache mbachao kwa msala upitao" niliiona ni ya watu wanaoogopa kujifunza.

Baba alikuwa mmoja wao. Mwaka 1994 ofisi aliyofanyia kazi ilipopata kompyuta mpya, yeye aliomba apewe moja ya zile kuukuu, akaileta nyumbani kwa mkokoteni. Rafiki yake kijana, aliyekuwa akisomea kompyuta, akamwandikia programu ya chama kwa lugha ya Clipper: orodha ya wanachama, michango, madeni, na nafasi ya maelezo kwa kila malipo. Kioo cheusi, herufi za kijani. Rafiki yule alihama nchi. Programu ikabaki, haina fundi wala mrithi.

Mashine ile ya kwanza ilipokufa, Baba aliihamishia programu kwenye kompyuta yenye Windows 98, baadaye kwenye yenye Windows XP, na kote ilifanya kazi, kwa sababu mifumo hiyo bado ilikuwa na chumba cha uani kwa wageni wa DOS. Ukomo ulikuja na mashine za biti 64. Windows ya biti 64 haiwezi kabisa kuendesha programu za biti 16 kama ile. Si suala la mpangilio, chumba chenyewe kimebomolewa. Asubuhi ile nilipochomeka flashi ya Baba kwenye laptopu yangu na kubofya faili mara mbili, nilijua jibu kabla halijatokea: programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako.

*

Mtu ataniuliza, kwa nini usichukue data tu, uiache programu? Ndilo swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza, na ndilo kamati mpya iliyojiuliza mwaka 2011. Faili la jedwali la programu za namna ile linafunguka kwenye Excel bila shida. Walilichukua, wakalifungua, wakaona majina, kiasi na tarehe, wakafurahi. Kisha wakakuta mistari mingi sana inayofanana: jina lilelile, kiasi kilekile, tarehe ileile ya 31/12/99. Wakaona ni makosa ya mzee aliyebonyeza mara nyingi. Excel ina amri ya kuondoa mistari inayojirudia. Waliibonyeza. Miaka ya malipo ya kila mwanachama ikawa malipo ya siku moja.

Wengine hawakuumia kwa sababu waliendelea kulipa kwenye orodha mpya. Walioumia ni wale waliokwisha kumaliza, ambao hawakuwa na sababu ya kulipa tena. Nao walikuwa wazee, na wazee hawaendi kukagua Excel.

Kilichosahaulika ni kwamba katika programu zile jedwali lilikaa kwenye faili moja, na maelezo marefu yalikaa kwenye faili la pili pembeni yake. Kamati ilichukua la kwanza. La pili liliachwa kwenye flashi ya Baba. Ningeweza kulifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na maneno yangeonekana, lakini yangekuwa maneno yasiyo na mwenyewe: "amelipa", "amelipa nusu", "ameleta mwanawe", bila kujua nani. Njia niliyoijua ya kuunganisha neno na mtu wake ilikuwa programu yenyewe, ile iliyokataa kufunguka.

Mwaka 1995 Mmarekani Jeff Rothenberg aliandika makala katika jarida la Scientific American akieleza hatari hii. Aliwaza wajukuu zake wa mwaka 2045 wakikuta diski darini, na akasema kuwa kuhifadhi diski peke yake hakutoshi. Lazima pia waweze kuendesha programu iliyoandika kilichomo, hata ikibidi kuitengenezea mashine mpya inayoiga ile ya zamani. Niliposoma habari hizo chuoni niliziona ni wasiwasi wa watu wenye maktaba kubwa. Sikufikiri zingenihusu nikiwa barazani, na maiti ikisubiri sanda.

*

Kuna programu iitwayo DOSBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na inapatikana bure. Wengi huitumia kwa michezo ya zamani. Inachofanya ni kuijengea programu kuukuu ulimwengu wake. Inaiga kichakataji cha zamani, kioo cha zamani, hata spika ile ya mlio mmoja. Inapunguza pia kasi, kwa sababu ziko programu zilizokufa kwa kasi tu: zile zilizoandikwa kwa Turbo Pascal, kwa mfano, nyingi zilianguka kwenye mashine mpya kwa kuwa zilipoanza zilipima mwendo wa kompyuta, na jibu lilikuwa kubwa kuliko namba zao zilivyoweza kubeba.

Ukilitazama kwa jicho la maadili, lote hilo ni uongo. Programu inauliza, niko wapi? Inajibiwa, uko kwenye DOS. Hata Windows yenyewe inadanganya kwa njia rasmi: ukifungua sifa za programu ya zamani utakuta sehemu ya upatanifu, ambapo unaweza kuiagiza mashine ya leo iiambie programu hiyo kwamba hii ni Windows 95.

Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi Microsoft, amesimulia kisa cha mchezo wa SimCity. Mchezo ule ulikuwa na kosa: uliendelea kutumia sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikwisha kuirudisha kwa mashine. Kwenye mifumo ya awali hakuna aliyeumia, kwa kuwa sehemu ile haikuwahiwa na mwingine. Kwenye Windows 95 ingewahiwa, na mchezo ungeanguka. Watengenezaji hawakumwambia mnunuzi kwamba kosa si lao. Waliandika ndani ya mfumo mpya maagizo ya kuutambua mchezo huo na, ukiwa unaendeshwa, kutoharakisha kuchukua kinachorudishwa. Mfumo mzima ukajifunza kumvumilia mgeni mmoja.

Nilipenda kisa hicho kwa sababu za kiufundi. Nyumbani, jambo hilohilo nilikuwa nimelikataa.

*

Mama alifariki miaka minne kabla ya asubuhi ile. Baba alianza kusahau muda mfupi baadaye, na kitu cha kwanza alichosahau ni kifo hicho. "Mama yenu yuko wapi?" Dada yangu alimjibu, ameenda sokoni, atarudi. Mimi nilisema huo ni uongo na kwamba mtu mzima hadanganywi nyumbani kwake. Kwa hiyo nilimwambia ukweli. Baba alilia kama aliyepata habari siku hiyo, na kweli kwake ilikuwa siku hiyo. Kesho yake aliuliza tena. Nilimwambia tena. Alilia tena.

Nilifanya hivyo labda mara sita. Nilijiona mkweli. Dada alinitazama kwa jicho ambalo bado naliona.

Baadaye niliacha, si kwa kubadilisha mawazo bali kwa kuchoka. Alipouliza, nilikaa kimya au niliingia ndani. Mfumo mpya ukimya wake ndio huo: hauongopi, haumwambii mgeni kitu cha uongo. Unakataa tu kufunguka.

*

Asubuhi ile nilisakinisha DOSBox, nikaelekeza folda ya flashi, nikaandika jina la programu. Kioo kikawa cheusi, herufi zikaja za kijani. Kijana akasogea. Programu ikauliza tarehe ya leo, siku, mwezi, na mwaka kwa tarakimu mbili.

Niliandika tarehe ya kweli. Mwaka wetu wa 22 programu ikausoma 1922, na ikaniambia kwamba kila mwanachama amelipa miaka mingi mbele. Hilo ndilo tatizo la mwaka 2000 ambalo ulimwengu ulilihangaikia. Kwetu hakuna aliyekuja kulirekebisha. Nilijaribu tena, nikafika kwenye jina la bibi, nikaona malipo yake yote, na kuanzia mahali fulani yote yalikuwa na tarehe moja: 31/12/99. Malipo themanini na nne, siku moja. Sasa nilielewa kamati ilichokiona. Sikuelewa maana yake.

Nikafanya nilichokuwa sijafanya kwa muda mrefu. Nilichukua laptopu nikaiweka kwenye mapaja ya Baba, nikaketi chini mkekani.

"Baba," nikasema, "tunafunga hesabu za chama. Nimekwama."

Alikitazama kioo. Uso wake ulikuja, sijui niseme vipi, ulikuja mbele. Alitoka kwenye programu na kuiwasha upya, nayo ikauliza tarehe. Akaandika 31/12/99 bila kusita.

"Mbona hiyo, Baba? Leo siyo hiyo."

"Hiyo ni tarehe ya mashine," akanijibu, kwa subira ya mtu anayemfundisha karani mpya. "Ukiipa ya kweli inachanganyikiwa. Ya watu iko ndani."

Akafika kwenye jina, akashuka mpaka mstari wa mwisho, akabonyeza F5. Kidirisha kikafunguka. "Mchango wa Des. 2006. Stk 0417. Bibi amemaliza. Asidaiwe."

Kila mstari ulikuwa hivyo. Kwa miaka kumi baada ya mwaka 2000 Baba aliiambia mashine kila siku kuwa ni usiku wa mwisho wa mwaka 1999, ili isianguke, na kila siku aliandika tarehe ya kweli mahali ambapo mtu angeisoma. Aliidanganya mashine, watu hakuwadanganya.

*

Tulikwenda kwa mwenyekiti kwa bodaboda, watu wawili na laptopu katikati. Alisoma. Kisha mjumbe mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, akauliza swali ambalo lilinikera wakati ule na ambalo sasa naliheshimu. Kama mashine hii inakubali tarehe yoyote unayoipa, tutajuaje kwamba maneno haya hayakuandikwa leo asubuhi?

Ni swali la haki. Ukishaukubali uongo mmoja kwa sababu nzuri, wajibu wa kuthibitisha mengine ni wako. Jibu halikuwa ndani ya kompyuta. Lilikuwa kwenye "Stk". Nilirudi nyumbani, nikatoa bati la biskuti chini ya kitanda cha Baba, lenye vitabu vya stakabadhi. Kishina namba 0417 kilikuwepo, kwa mwandiko wake, Desemba 2006. Mwalimu alichagua namba nyingine tatu mwenyewe, zote zikakubaliana. Alivua miwani akasema, "Haya, tumzike mama yetu."

Alizikwa baada ya Alasiri, kwa sanda ya chama.

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tunawiwa nini na vitu vya zamani. Sisemi tuvibebe vyote. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kupitia mwanya wa Windows ambao dawa yake ilikuwa imetolewa Machi mwaka huohuo. Mashine ambazo hazikusasishwa zilifungwa. Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi na upasuaji wa watu wasiojua hata XP ni nini. Microsoft ililazimika kutoa dawa hata kwa XP, ambayo ilikwisha kuacha kuihudumia mwaka 2014. Anayeshikilia ya zamani huku mlango wake uko wazi kwa mtandao hajihatarishi peke yake.

Ndiyo maana naona DOSBox ni jibu la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi. Ya zamani inapewa ulimwengu wake kamili, lakini ndani ya ua. Isemwe lolote humo ndani, halitoki bila mtu mzima kulisoma na kulitafsiri. Kosa la kamati halikuwa kuhama. Walipaswa kuhama. Kosa lilikuwa kuhama bila kumuuliza aliyeishi nyumba ya zamani kwa nini dirisha lile lilifungwa kwa misumari. Kilichoonekana kwao ni uchafu wa kufutwa kilikuwa ni namna ya mtu mmoja kubaki mkweli kwenye mashine isiyoweza kuupokea ukweli.

Nimekwisha kunakili maelezo yote kwenye orodha mpya ya chama, mstari kwa mstari, na kishina pembeni. Wazee wengine watano wamerudishwa. Programu yenyewe nimeiacha kwenye laptopu kuukuu isiyounganishwa na intaneti.

Lililobaki gumu ni la Baba, na hapa mfano wangu unavunjika. Programu haina heshima ya kuvunjiwa. Ukiidanganya, hakuna unayemdhulumu. Baba anayo heshima hiyo, na ninaposema "ameenda sokoni" nahisi nimemfanya kitu. Lakini nikimwambia "amekufa" kila siku nahisi nimemfanya kitu kibaya zaidi, kisha nakiita ukweli. Dada anasema swali lake si la mahali. Anapouliza Mama yuko wapi, anasema yeye yuko peke yake. Basi mjibu hilo.

Nimejaribu. Siku hizi akiuliza, naketi mkekani na kumuuliza siku ile walipohamia nyumba hii Mama alipika nini. Ananieleza. Sijamwambia uongo, wala sijamfungia mlango. Siku nyingine haitoshi, anasimama kumtafuta, na siku hizo humwachia Dada ajibu anavyojua, nami sipingi tena.

Jioni ya maziko yale tulirudi na vumbi miguuni. Baba alikuwa bado barazani.

"Hesabu mmefunga?" akauliza.

"Tumefunga, Baba."

"Hakuna anayedaiwa?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa, akaomba chai.